Matundu Arobaini na Nane

Jumatatu, 3 Machi
Wateja wamefika sitini na mmoja! Swichi yetu ya kugawa intaneti imeelemewa. Na Ijumaa mama mwenye lile jengo la ghorofa nne anakuja kuamua nani awaunganishie wapangaji wake: mimi au shemeji. Shemeji! Kaka wa mke wangu, niliyemfundisha kazi hii kwa mikono yangu mwenyewe. Jengo hilo hapati, ng'o!

Jumanne, 4 Machi
Fundi wangu kashauri swichi mbili za wastani, moja ikifa nyingine ibebe. Nimemsikiliza kwa heshima zote. Kisha nikanunua moja kubwa, yenye matundu arobaini na nane ya kuchomekea waya. Muuzaji alisema hiyo si ya kila mtu. Nilijua ananisema mimi.

Jumatano, 5 Machi
Feni zake zinanguruma hadi jikoni. Mke wangu kauliza kama nimefungua mashine ya kusaga. Kisha akanipa salamu za kaka yake: eti nimenunua gari la abiria hamsini nimpakie mama mkwe peke yake. Imeniuma. Nimehesabu. Waya zinazokwenda mitaani ni kumi na tisa tu, kila moja ikigawiwa wateja watatu wanne; matundu ishirini na tisa yamelala gizani. Mama mwenye jengo akiyaona je?

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata! Tundu lenye waya huwaka taa. Nimekata waya fupi kumi na nne. Kesho nitazichomeka ncha zote mbili kwenye swichi hiyohiyo. Litabaki tundu moja, nitalibandika stika.

Ijumaa, 7 Machi
Nilichomeka mama mwenye jengo akiwa mlangoni. Taa ziliwaka zote, zikapepesa kama zimepagawa! Mama alifurahi, akapiga picha amtumie binti yake. Haikwenda. Mtaa mzima intaneti imekufa. Fundi akaingia mbio, akauliza nani kaiunganisha swichi na yenyewe, data ikipata waya ya pili ya kuirudisha ilikotoka inazunguka humo humo haitoki. Nikasema panya. Mama akatoka barabarani, akanasa mtandao wa shemeji, picha ikaenda. Jengo kapewa shemeji, kwa picha ya taa zangu!

Jumapili, 9 Machi
Wateja hamsini na wanne. Nimetafakari sana, na nakiri kosa: fundi alisema swichi mbili, nikanunua moja. Kesho naongeza ya pili, nayo ya matundu arobaini na nane. Sitaiunganisha tena swichi na yenyewe. Nitaziunganisha hizo mbili, na kwa uhakika zaidi, kwa waya zote kumi na nne.