Mkate wa Ng'ambo Usivuke Kizuizi

Mheshimiwa Waziri wa Biashara,

KUHUSU: MKATABA WA SOKO MOJA NA HATARI YAKE KWA MKATE WA TAIFA

Shikamoo, kama umri unaruhusu. Mimi ni mwoka mikate, tena mwenyekiti wa Kamati ya Kulinda Mamlaka ya Nchi, tawi la mtaa wetu wa mpakani. Mjumbe mwingine alikuwa mke wangu, lakini amejiuzulu.

Nasikia wiki ijayo utatia saini mkataba wa kufungua mpaka, watu na bidhaa wapite bila kuulizwa. Nakuomba kwa unyenyekevu usitie. Sababu ni hizi:

1. Barabara yetu, upande huu ni nchi yetu, upande ule ni nchi ya watu. Mwoka mikate wa kule anawasha tanuri alfajiri, na harufu inavuka kizuizi cha mpaka bila kibali. Wateja wangu wanasimama dukani kwangu, pua ziko ng'ambo. Ikiwa harufu tu inatufanyia haya, mkate wenyewe ukija itakuwaje?

2. Mkate wao ni laini kupita kiasi. Wangu ni mgumu kidogo, sikatai, lakini unajenga taifa lenye meno. Mwalimu mmoja wa hesabu alikuja kulalamika kwamba umemvunja jino. Nilimweleza kwamba uhuru una gharama zake. Hajarudi tangu siku hiyo, nadhani bado anatafakari.

3. Hili linaniuma, Mheshimiwa. Binti yangu wa pekee ameolewa na kijana wa huyo huyo mwoka mikate wa kule. Amevuka barabara tu, na sasa akisema "kwetu" ana maana ya kule! Moyo ulinipasuka, sikufichi. Nikaona nchi haiwezi kulindwa na serikali peke yake, nikaweka mpini wa ufagio kwenye mlango wa sebule. Mkwe akija kutusalimia husimama hapo, hutaja alichobeba, nami hukagua ndipo niinue mpini. Mara ya mwisho alileta mkate. Niliutaifisha, nikaula wote peke yangu ili familia isidhurike.

4. Wakimaliza mkate watakuja kwenye unga, kisha maji ya kukandia, kisha chumvi. Siku moja utaamka, Mheshimiwa, ukute wimbo wa taifa unaimbwa kwa lafudhi ya kule, na wewe mwenyewe unabisha hodi kwenye ofisi yako. Mke wangu alicheka nilipomsomea rasimu ya aya hii. Ndipo alipojiuzulu.

5. Binti yangu ni mjamzito. Mkwe, bila haya, anasema mtoto atakuwa wa pande zote mbili. Jamani! Mjukuu wangu, kichwa huku, miguu kule? Mkataba wako unaanzia tumboni, Mheshimiwa.

Nakukumbusha pia barua yangu ya mwezi jana, nikiomba kizuizi kifungwe saa sita mchana badala ya saa kumi na mbili jioni. Sijapata jibu, ila naamini hukuidharau.

Nisalimie wote hapo wizarani, kuanzia katibu mkuu hadi anayepika chai, na uwaambie wasizoee vitu laini.

Wako mlinzi wa mpaka asiye na mshahara,

Mwoka Mikate,
Mwenyekiti (na sasa mjumbe pekee)

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mkwe amepaza sauti kutoka ng'ambo: binti yetu amejifungua salama, mtoto wa kike! Tumetoka mbio, mke wangu na nguo za mtoto, mimi na unga mikononi. Tumekuta kizuizi kimefungwa. Saa saba mchana! Askari amenionyesha amri yako, akanipa mkono wa pongezi kwamba ombi langu limekubaliwa. Nimemweleza kuwa mwombaji ni mimi na sasa naomba kinyume chake. Amesema niandike barua.

Basi naandika, karatasi nimeilaza juu ya kizuizi chenyewe. Mke wangu amenigeuzia mgongo, nguo za mtoto kwapani. Mkwe amesimama dirishani, ameninyanyulia kitu kidogo kilichofungwa shuka, nami kwa macho haya ya uzee sioni hata pua yake. Mheshimiwa, tia saini. Achana na wiki ijayo, tia leo. Ule mpini wa ufagio nimeshauvunja.