Mkanda wa Ngoma Kubwa

Jumatatu, 23 Machi 2015

Namshukuru Mungu nimeamka. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havijaamka. Kile kidogo na jirani yake. Nimevigongagonga mezani, kimya!

Vimelala tangu mazoezi ya jana. Bendi nzima ya parokia iko hoi, si mimi peke yangu. Wapiga ngoma ndogo wana malengelenge mikononi, mpiga matoazi analalamika kwamba masikio yanamlilia hata akiwa kitandani, na mwenzetu Lomoro wa ngoma ndogo anachechemea kwa maumivu ya miundi. Lakini ngoma kubwa ni yangu mimi, Yangi, fundi cherehani wa mtaa wa Hai Jalaba, na ngoma kubwa ina uzito wa mbuzi aliyeshiba.

Jumapili ya Matawi tunaandamana kutoka mtaa wa Buluk hadi kanisani. Ruhusa imetoka! Tangu vita vilipoanza tulikuwa tunafanya mazoezi kwa kupiga matairi, maana ngoma kubwa ikilia tu, majirani walikuwa wanaingia chini ya vitanda. Sasa tumeruhusiwa, na mapadri wamepita nyumba kwa nyumba kuwaonya watu kwamba ni ngoma tu. Kubwa zaidi: mke wangu Poni anarudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Adjumani. Hajawahi kuniona nikiibeba. Ataniona.

Jumanne, 24 Machi

Nimekwenda kwa Sista Ketty, muuguzi wa zahanati ya parokia. Mwanamke mwenye akili! Amenibonyeza bega nikapiga kelele. Amesema mkanda wa ngoma unabana mishipa ya begani, ndiyo maana vidole vimekufa ganzi. Nisibebe ngoma mpaka vipone. Nikibeba, huenda visirudi tena, na fundi asiyeweza kuongoza kitambaa atafute kazi nyingine.

Nimemshukuru sana. Nimerudi nyumbani nikiimba. Kumbe kosa ni la mkanda! Ngoma haina hatia.

Nilipofika mazoezini, mwalimu wetu Marino alikuwa amekwisha kusikia kuhusu vidole. Akatangaza kwamba Lomoro atabeba Jumapili. Lomoro ni seremala, ana mgongo kama mlango wa kanisa. Akanijia kwa upole, akasema, "Maleshi, pole kaka. Mimi iko tayari kubeba, wewe pumzika kidogo." Upole wa namna hiyo naujua. Nikamwambia Mwalimu kwamba Sista amelaumu mkanda, na kwamba mkanda mpya ninao. Yote kweli, isipokuwa hilo la mkanda mpya. Mwalimu akasema ataukagua Jumamosi.

Alhamisi, 26 Machi

Nesitu! Nimepanda lori la mchanga hadi huko, kwa sababu kando ya barabara ya Nimule magari yaliyopinduka hayakosekani. Fundi mmoja, Pitia, amenifungulia mkanda wa abiria kutoka kwenye pikapu isiyo na paa. Mpana, laini, imara. Nikaomba na kile kidude chenye springi kinachovuta mkanda na kuumeza. Pitia akashangaa. Akasema kitu hicho kimetengenezwa kwa mtu aliyekaa. Nikamweleza kwamba ngoma itajirekebisha yenyewe kulingana na tumbo, nile nisile. Akatikisa kichwa kwa heshima.

Asante Mungu kwa ajali ambazo hazikuua mtu. Pitia ameniapia kwamba hiyo haikuua.

Ijumaa, 27 Machi

Poni amefika. Nimemkuta stendi na begi lake moja. Amekonda. Nilitaka kusema maneno niliyoyapanga mwaka mzima, nikasema tu, "Umefika?" Akasema amefika. Sijawahi kushukuru kiasi hiki maishani.

Jioni nilikuwa nashona mkanda. Poni akautazama mshono. Akasema mshono wangu siku hizi unatembea kama mlevi. Akachukua sindano, akanichoma kidole kidogo. Sikushtuka hata kidogo! Nilijiona shujaa. Yeye akaanza kulia. Akasema, "Wewe Yangi iko na kichwa ngumu. Mikono yako ndiyo shamba letu." Nikamfariji kwamba mkanda mpya utaponya kila kitu.

Lomoro ameleta kichupa cha mafuta ya mbegu za mti wa lulu nijichue bega. Anajipendekeza. Mafuta yenyewe ni mazuri mno, nimeyatia kwenye springi. Sasa inameza mkanda kama mtoto anavyomeza asida, ugali wetu.

Jumamosi, 28 Machi

Ukaguzi. Ukumbi umejaa magunia ya mtama ya waliokimbia vita, hakuna nafasi ya kupiga hata hatua tatu, kwa hiyo Mwalimu amenikagua nikiwa nimesimama. Nimesimama na ngoma kwa muda wa rozari nzima. Haikusogea! Bega halikuuma! Mwalimu ameugusa mkanda, akasema, "Kwais, nzuri." Lomoro amerudishwa kwenye ngoma ndogo. Alinipongeza. Nimemsamehe.

Jumapili, 29 Machi

Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto umefungwa shingoni.

Tulianza vizuri. Buluk nzima ilitoka na matawi. Pigo la kwanza, mama mmoja akashika ukuta. Pigo la pili, akacheka. Pigo la tatu, akacheza. Nilitamani kulia kwa furaha. Poni alikuwa kando ya barabara, ananipungia.

Kisha springi ikaamka. Kila nikipiga hatua ngoma inaruka kidogo, na kila ikiruka, kidude kinameza mkanda kidogo, halafu kinakaza. Hakirudishi! Kutoka tumboni ngoma ikapanda kifuani. Kutoka kifuani ikafika kidevuni. Mwalimu akanipigia kelele niishushe. Nikainama kuishusha, kikameza zaidi. Nikawa sioni Buluk, sioni matawi, naona ngozi ya ngoma tu. Nikaendelea kupiga. Mtaa mzima ulikuwa unasikiliza, je, ningenyamaza?

Ghafla uzito ukapungua. Lomoro! Alikuwa ameisukuma ngoma yake ndogo mgongoni, anatembea kinyumenyume mbele yangu, ameikamata ngoma yangu kwa chini kwa mikono miwili. Na miundi yake ile mibovu. Alitembea hivyo hadi kanisani, ananiambia kushoto, kulia, shimo, jiwe. Nilidhani anataka kuniibia ngoma. Nikaishikilia zaidi.

Mlangoni kifungo kikagoma kufunguka. Nimesali misa nikiwa na ngoma kidevuni! Padri akatoa mahubiri akinikwepa kwa macho. Ilipofika Baba Yetu mkono wote ulikuwa umekufa, hadi kiganjani. Hapo nikaogopa. Nasema kweli, niliogopa. Nilimwona Poni akirudi Adjumani na mume asiyeweza hata kufunga kishikizo.

Poni akatokea kwenye safu yangu na mkasi wa kukatia vitambaa. Akaukata mkanda, kra! Ngoma ikaanguka ikatoa mlio mmoja mkubwa, na kanisa zima, kwa mazoea, likalala chini. Halafu mtu akacheka huko sakafuni. Alikuwa Poni. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Desemba ile vita vilipoanza. Tukacheka wote, padri naye.

Sista Ketty amenichoma sindano kidole kimoja kimoja. Kiganja kimerudi, kinawasha kama siafu. Kidole cha pete nacho kimeshtuka. Kile kidogo bado, ila Sista anasema kitarudi nikitulia. Asante. Asante kwa mkasi, kwa vidole, kwa kicheko kile.

Jumatatu, 30 Machi

Marufuku kugusa ngoma hadi Sista aseme. Mwalimu amempa Lomoro ngoma kubwa kwa Pasaka. Nimekubali kwa moyo mweupe. Poni ameficha sindano zote, namshukuru kwa kunijali. Gundi hajaificha.

Nimelala nikiwaza, na nimeona ukweli. Mkanda haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kumfunga mtu mmoja tu! Jana Lomoro alipobeba na mimi nikapiga, ngoma ilitoa sauti nzuri kuliko siku zote. Basi ngoma ikae mgongoni kwa Lomoro, mimi nitembee nyuma yake, nipige kwa mkono huu mzima. Sista amekataza kugusa ngoma. Kirungu kitagusa, mimi sitagusa.

Sijamwambia bado. Asubuhi nimekwenda karakanani kwake kumshukuru. Nimemkumbatia kwa mkono mmoja, nikamwambia yeye ni ndugu yangu. Machozi yalimtoka. Yangu pia, na yalikuwa ya kweli. Mabega yake: shibiri tatu na vidole viwili.

Nikamkumbatia tena, kupata kipimo cha kifua.