Taa Inapungua, Gego Linawaka

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe karudi. Gego nililomziba limemeguka kwenye mkate, mara ya pili. Kasema lisipodumu hadi Ijumaa anahamia kwa shemeji, binti yake, mwenye kliniki ng'ambo ya barabara. Naye hahami peke yake. Anahama na ukoo: wagonjwa thelathini na wanne! Nimepima taa yangu ya bluu, ile ya kugandishia dawa ya kuzibia. Miliwati 800. Ilikuwa 1,000. Shemeji kapiga simu kunishauri ninunue mpya. Nani kamuuliza? Kliniki hii nimeijenga mwenyewe, kiti kwa kiti.

Jumanne, 4 Machi
Taa: 600. Sina wasiwasi. Mwanga mara muda, hesabu ya darasa la tano. 1,000 ni sekunde 20. 600 ni sekunde 34. Nimemziba upya mama mkwe, nikampa 40. Kalalamika jino linavuma. Nikamwambia ni uzee.

Jumatano, 5 Machi
Taa: 400. Ncha nimeifuta, betri imejaa. Mama mkwe kapita kusalimia. Kipimo cha mwanga kilikuwa mezani, taa imezimwa. Akapiga mwayo: kikasoma 600. Akafumba mdomo: sifuri. Mia nne na mia sita. Jumla hiyo sikuipenda.

Alhamisi, 6 Machi
Taa: 100. Sekunde 200 kwa kila jino! Mgonjwa wangu, fundi cherehani, kasinzia kitini, kinywa wazi. Saa sita mchana umeme ukakatika. Chumba changu hakina dirisha. Nikapapasa kutafuta tochi. Mama mkwe, aliyekuwa kwenye benchi, akasema taratibu, "Mwanangu, usiwashe kitu. Naona." Kuta zote zikawa bluu. Kivuli changu kilikuwepo. Cha fundi pia. Cha mama mkwe hakikuwepo.

Ijumaa, 7 Machi
Taa: 0. Gego: 1,000 kamili. Na halijameguka! Ukoo unabaki kwangu. Shemeji kaja kumwona mama yake. Kachungulia kinywani, karudi nyuma hatua mbili, kavaa miwani ya rangi ya chungwa, ile ya kukinga macho na mwanga wa bluu. "Shemeji, ling'oe leo," kasema kwa sauti ndogo. "Na ununue taa." Wivu mtupu. Kaniachia taa yake ya akiba mpaka ninunue.

Sinunui. Kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi, mama mkwe anakaa kando ya kiti, anafungua mdomo sekunde 20 kwa kila mgonjwa. Kakubali, ila hakupepesa macho.

Taa ya shemeji ilisoma 1,400. Nimeitumia kumziba mama mkwe gego la kushoto, liwe la akiba. Sasa inasoma 1,200, gego la kushoto 200.

Hesabu imekubali.