Vitabu Mia vya Kuokoa Chumba

Jumatatu, 3 Juni
Balaa! Mkutubi Mkuu kapanda hadi chumba changu cha vitabu vya watoto na michoro. Kasema wiki hii vitabu vinavyoachwa mezani vitahesabiwa kila jioni. Visipofika mia kufikia Ijumaa, chumba anapewa jirani yangu wa chumba cha ramani, Bwana Ramani, mimi nashushwa stoo kufunga magazeti. Miaka kumi na moja nimevilea vitabu hivi! Wiki iliyopita nilipata wasomaji wawili. Mmoja alikuwa anatafuta choo.

Bwana Ramani kaja na futi. Eti anapima dirisha tu. Mnafiki mkubwa!

Jumanne, 4 Juni
Wazo! Msomaji harudishi kitabu rafuni, anakiacha mezani. Na meza haisemi nani kakiweka. Nimetoa thelathini na nane kwa mkono wangu. Karani kahesabu, kanipongeza. Nilipomsimulia mke wangu, kasema njia ya mwongo ni fupi. Mke wangu hajawahi kufanya kazi maktaba.

Jumatano, 5 Juni
Arobaini na moja! Leo nimeviacha wazi kwenye michoro, vionekane vimesomwa. Sungura mwenye miwani. Kiboko anayeanua nguo. Kumbe kosa. Wanafunzi wanne wa ualimu walikuwa wanapita, wakamwona kiboko, wakaingia, wakakaa! Wakavuruga kila kitu. Nikawaomba kwa adabu wakasomee ukumbi wa chini. Wakacheka, wakaniambia kaka una utani.

Alhamisi, 6 Juni
Wamerudi kumi na wawili, na kalamu za rangi. Wanaandaa masomo ya mazoezi. Meza zimejaa, sina pa kuweka hata kitabu kimoja cha hila! Binti mmoja kaniuliza kaka, huyu kiboko alichorwa kwa nini? Nikamweleza nusu saa nzima, wakasogea wote. Nilifurahi, nakiri. Kazi ya hila ikalala.

Ijumaa, 7 Juni
Mkutubi Mkuu kaja na daftari la karani, lenye namba za vitabu vyote vya wiki. Jasho! Kauliza ni msomaji gani aliyesoma rafu moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha akaviacha vitabu mezani vimepangwa kwa namba, kimoja baada ya kingine. Nikasema labda ni mtu nadhifu. Kavifuta vyote daftarini, kaniandikia onyo. Nikatamani ardhi inimeze.

Halafu kajumlisha vya wanafunzi pekee. Mia na saba! Chumba ni changu. Wanafunzi wakapiga makofi maktabani, na Mkutubi Mkuu hakuwanyamazisha. Machozi yalinitoka. Nikasingizia vumbi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimetafakari kwa kina. Mwezi ujao wanahesabu tena, na mshindi anapata kabati la vioo. Somo nimelipata: kosa langu lilikuwa kuvipanga kwa namba. Safari hii navichanganya.

Tatizo ni wale wanafunzi tu, wananimalizia meza. Jumatatu nitawaomba wahamie kwa Bwana Ramani. Kwake nafasi tele.