Mguu wa Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Machi

Mheshimiwa anachechemea. Nimemwona asubuhi akivuka sakafu ya duka kwa miguu mitatu, wa nne, wa mbele kulia, ameukunja kifuani kama mtu aliyeficha noti. Mheshimiwa ni paka wetu. Jina alipewa na mke wangu, kwa sababu hafanyi kazi yoyote, analala juu ya mashati yaliyokwisha kupigwa pasi, na ukimgusa anakutazama kama umemkatiza hotuba.

Nikasema atapona mwenyewe. Mke wangu akasema sawa, na mimi siku nikiugua nitaachwa nipone mwenyewe. Tukaenda kwa daktari wa wanyama.

Daktari ni mama mpole mwenye mikono mikubwa. Ameubonyeza mguu, ameukunja, ameukunjua. Mheshimiwa amenguruma. Kifundo kimeteguka, amesema daktari, pengine aliruka vibaya. Sindano, vidonge, bendeji, apumzike. Tumrudishe Jumamosi. Ikiwa mpaka siku hiyo hajaanza kuukanyagia, basi kuna kitu kimevunjika ndani na itabidi apasuliwe. Nikauliza kupasuliwa ni kiasi gani. Akanitajia. Nikakaa.

Mimi ni dobi. Kila kitu duniani nakipima kwa mashati. Kumwona daktari leo tu: mashati arobaini, kufua na kupiga pasi. Upasuaji: pasi yangu ya mvuke. Nzima! Ile ya dirishani kwa muuza vifaa, yenye tangi la maji na bomba lake, ambayo naiwekea akiba kwenye kopo la wanga tangu mwaka juzi, huku nikiendelea kupuliza makaa ya hii niliyo nayo. Kila nikipita pale dirishani naisalimia.

Basi naandika hapa kama kiapo. Mheshimiwa atapona kabla ya Jumamosi, na bila kumpelekea yule mama shati jingine hata moja. Kichwa ninacho.

Jumanne, 4 Machi

Vidonge havimezeki. Nimekificha kimoja ndani ya samaki. Amekula samaki, akakitema kidonge juu ya kola ya shati la mwalimu mkuu. Nikakisaga cha pili. Akageukia ukuta mpaka nikamletea samaki mwingine asiye na dawa. Huyo kamla bila maneno. Vilivyobaki nimeviangusha mwenyewe ndani ya beseni la sabuni. Vimetoa povu zuri.

Nikapata wazo. Dawa ya maumivu ni dawa ya maumivu. Duka la dawa za binadamu liko hapo kona, na muuza dawa namfulia makoti. Ila nikisema paka, atanirudisha kwa yule mama. Nikasema ni mtoto wa dada yangu, ameumia mkono.

Muuza dawa akauliza umri. Miaka mitatu. Uzito? Kilo nne, nimempima mwenyewe kwenye mzani wa nguo. Muuza dawa akaacha kuandika. Akauliza mtoto anakula nini. Nikasema samaki, na chochote anachokamata mwenyewe. Akauliza analala wapi. Nikasema juu ya mashati.

Akavua miwani. Akaniambia taratibu nisiondoke, anataka kuwapigia simu watu wa ustawi wa jamii. Ikabidi niseme kweli. Amesema dawa ya mtu inaweza kumuua paka, na kwamba miaka yote hii alikuwa akinidhania mtu mzima. Nimetoka mikono mitupu.

Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imeshafika, imekaa, inakunywa chai na mke wangu.

Jumatano, 5 Machi

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara amekuja kuchungulia. Huyu bwana, kwa kuwa anashika vichwa vya watu kutwa, anadhani yaliyomo ndani ni yake. Ameshauri nimchue paka kwa mafuta ya vuguvugu. Nimemwambia sikuomba ushauri. Akasema kweli jirani, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akakitazama kipara changu. Wateja wake wawili wakacheka kule kwenye benchi. Nitamkumbuka siku atakapoleta mataulo yake.

Mke wangu alipotoka nikamfungua Mheshimiwa bendeji, nikamchua kwa mafuta ya vuguvugu. (Wazo lilikuwa langu tangu zamani.) Amevumilia kwa muda wa kupenga kamasi. Kisha akateleza mikononi, akapita juu ya shuka nyeupe za nyumba ya wageni, zilizokunjwa tayari kuchukuliwa, akaingia chini ya kitanda. Nyayo za mafuta toka shuka ya kwanza hadi ya mwisho. Zote nne, zimepangika vizuri kama mihuri ya posta. Hasara tupu!

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama. Nimekwaruzwa pua.

Alitoka mwenyewe jioni, aliposikia sufuria ya samaki. Masikini, anachechemea kuliko jana. Mke wangu ameuliza kwa nini nafua tena shuka safi. Nimesema siku hizi nimeamua kuongeza ubora. Ameitazama pua yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo kubwa. Nashangaa lilichelewa wapi.

Nimekwenda kwa daktari peke yangu. Nikamweleza: wewe unatibu, mimi nafua. Wewe una makoti, mimi nina paka. Pesa ya nini kati ya watu wanaoheshimiana? Nifue mpaka mguu upone, na ada ya Jumamosi ifutike. Upasuaji hakuuingiza, alisema huo una mambo yake. Mengine yote akakubali, tena upesi mno. Mtu akikubali upesi hivyo, mwenye akili angerudi nyuma hatua moja. Mimi nikampa mkono.

Mchana gari lake limesimama mlangoni. Sikujua kwamba anatibu na ng'ombe. Makoti kumi na kitu, na kila koti lina ng'ombe wake. Mablanketi ya mbwa. Halafu mapazia. Mapazia ya zahanati, na mapazia ya nyumbani kwake, mazito, yenye bitana, ambayo hayajaona maji tangu yatundikwe. Dereva amesema daktari anasalimu, na kwamba mapazia hana haraka nayo, hata Jumatatu.

Nimefua hadi vidole vimekunjamana. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai. Ya pili pia. Mke wangu amesimama mlangoni akauliza hapa nimeokoa mashati mangapi. Nimejifanya sikusikia. Ameniita mkono wa birika, lakini ameniletea kiti.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Sina hamu ya kuandika, ila naandika.

Nilikuwa naanika mapazia kinyozi akaja, safari hii mnyonge kidogo. Ametupa pole kwa ajili ya paka. Amesema anamwonea huruma kila mchana anapovuka kwenda kwake na ule mguu wake wa kushoto, na yeye humpa vipande vya maini. Nikamwambia ni wa kulia. Akasema ni wa kushoto. Nikamwambia paka ni wangu, mguu ni wangu, ni wa kulia. Tulibishana hadi povu likamkaukia mteja wake shavuni.

Mara Mheshimiwa mwenyewe akatokea, akavuka barabara kuelekea kwenye kiti cha kinyozi. Nimeona kwa macho yangu. Ameukunja wa kushoto.

Ugonjwa umehamia mguu wa pili!

Nimekaa juu ya kapu la nguo mbichi na sikuhisi ubaridi mpaka baadaye. Nitasema hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: nampenda yule mnyama. Asubuhi kabla makaa hayajashika, duka likiwa baridi, huja akakaa juu ya nyayo zangu. Hakuna mteja aliyewahi kunifanyia hivyo. Na mimi nimemchua kwa mafuta ya kupikia ili niokoe mashati.

Nimelichukua kopo la wanga nikaliweka mezani mbele ya mke wangu. Nimesema kesho apasuliwe, miguu yote miwili ikibidi. Mke wangu ameliangalia kopo, ameniangalia mimi, akaniwekea mkono begani. Akaniambia nile kwanza.

Jioni nilikuwa na mzigo wa kupeleka upande wa muuza vifaa. Nimezunguka njia nyingine.

Jumamosi, 8 Machi

Tulikwenda msafara. Mimi na kopo, mke wangu na kapu la paka, na kinyozi, aliyefunga duka siku ya Jumamosi ili atoe ushahidi wa mguu wa kushoto. Sikumkataza.

Daktari ametusikiliza wote. Akauliza nani anampa nini. Nikasema akichechemea kulia tunampa samaki. Kinyozi akasema akichechemea kushoto anampa maini. Daktari akajikuna kidevu. Akafunga mlango. Akaweka sahani ya samaki huko mwisho wa chumba, akamtoa Mheshimiwa kwenye kapu huku mwisho mwingine, akakunja mikono, akangoja.

Mheshimiwa akatutazama mmoja mmoja. Akaitazama sahani. Akaamka, akajinyoosha, akatembea. Miguu minne, mkia juu, mwendo wa mtu anayekwenda kupokea zawadi. Hakusita hata kidogo.

Mke wangu amecheka mpaka akashika meza. Njia ya mwongo fupi, amesema, huku akifuta machozi. Daktari amesema kifundo kilikwisha kupona siku kadhaa sasa. Paka amegundua tu kwamba akichechemea analetewa, na kila mlango una upande wake. Mimi na kinyozi tuliangalia sakafu pamoja. Nimemwona leo si mtu mbaya sana.

Pasi yangu imepona! Kopo limerudi rafuni, zito vilevile. Tulipopita dirishani nimeisalimia mara mbili.

Yamebaki mapazia ya daktari, nimpelekee Jumatatu yakiwa yamepigwa pasi. Ahadi ni ahadi.

Funzo la wiki: paka ni kiumbe asiye na haya. Binadamu hawezi kujishusha kiasi hicho kwa sahani ya samaki.

Jumatatu, 10 Machi

Mwenye mkokoteni ametaka mashati matatu kubeba mapazia hadi kwa daktari. Nimemcheka. Nikayabeba mwenyewe kichwani.

Yote yangekwenda vizuri. Lakini nilipofika kwa muuza vifaa nikageuka kuisalimia pasi, na mzigo nao ukageuka. Pazia moja likateremka. Nikalikanyaga mwenyewe. Nimeanguka mbele ya dirisha, na pasi imeona yote.

Kifundo cha mguu wa kulia. Kinyozi ndiye aliyenileta nyumbani, kwa mkokoteni uleule. Mwenye mkokoteni ametaka mashati matano, kwa kuwa mimi ni mzito kuliko mapazia. Mapazia yamepelekwa na mke wangu, akayapiga pasi upya kwanza.

Amenikanda kwa maji ya moto na chumvi. Ameniwekea mto chini ya mguu. Ameniletea supu ya samaki kitandani, na alipoona namwagia shuka akashika kijiko yeye. Tangu tuoane sikumbuki kulishwa hivi. Mheshimiwa amekuja kulala ubavuni, akaniangalia kwa makini sana.

Alhamisi, 13 Machi

Mguu umepona. Umepona tangu jana. Leo, mke wangu alipokwenda sokoni, nimezunguka kitanda mara tatu, nikaruka, hauumi hata chembe.

Lakini hakuna aliyeniuliza.

Na hali ni nzuri. Mto upo, chai inakuja yenyewe. Mke wangu anapiga pasi dukani na mimi namwelekeza kutoka kitandani kwa sauti. Kinyozi hupita kuninyoa ndevu bure na kunisomea gazeti. Jana alinikuta nachechemea kwenda chooni akashangaa, akasema yeye alidhani ni mguu wa kulia. Nikamwambia umehamia. Akasema pole sana jirani. Alipotoka nilimsikia akisimama kidogo na mke wangu barazani, nadhani wananionea huruma.

Nimepanga kuugua hadi mwisho wa mwezi. Mipango yangu mingine yote ilikuwa na gharama. Huu hauna gharama hata ya kifungo, na sijui kwa nini sikuuwaza mapema.

Sasa mke wangu amerudi. Amekaanga samaki. Ila kuna jambo dogo silielewi. Leo hakumleta kitandani. Ameiweka sahani kwenye stuli kule mwisho wa chumba, karibu na dirisha. Amefunga mlango. Amesimama amekunja mikono, Mheshimiwa amekaa miguuni pake, na wote wawili wananitazama.

Labda amechoka na kazi za leo, akasahau kwamba naumwa. Si neno. Mume mwema hamsumbui mkewe kwa kitu kidogo. Samaki ananukia vizuri mno, nitamfuata mwenyewe kabla hajapoa. Wala si mbali, njia yenyewe fupi.