Ombi la Kupunguza Mlima wa Chilulu kwa Moja ya Nane

Ndugu Mhandisi wa Barabara,

Natumaini u mzima. Sisi huku Msangano hatujambo, isipokuwa lori langu.

Mimi ni Zabron Simbeye, msafirisha mahindi kwenda Tunduma. Mwezi uliopita nilifunga tairi kubwa kuliko zile lori lilizokuja nazo, kwa ajili ya matope na, nakiri, kwa ajili ya sura. Tangu siku hiyo mlima wa Chilulu umebadilika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Zamani niliupanda kwa gia namba tatu na gunia sabini. Sasa hata kwa namba moja lori linazimika katikati. Fundi wangu Aziz anasema tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, hivyo injini inaelemewa, kama mtu apandaye mlima kwa baiskeli yenye gia nzito. Kwa hesabu yake tairi zimeongezeka kwa moja ya nane. Basi na difu, lile boga la chuma kwenye ekseli ya nyuma, libadilishwe meno kutoka uwiano wa 4.1 kwenda 4.6. Nilimjibu kwamba difu langu halijamkosea mtu.

2. Mshale wangu wa spidi ulisoma hamsini, mashine ya trafiki ikasoma hamsini na sita. Nilimweleza askari kwamba sote tuko sahihi, kila mmoja kwa tairi lake. Hakucheka.

3. Jumamosi iliyopita tulikuwa tunakwenda harusini kwa shemeji yangu Clement, na ndugu wa mke wangu walikuwa juu ya magunia. Lori likagoma katikati ya mlima. Wote walishuka, pamoja na mama mkwe, Mama Tabita, mwenye miaka sabini na gauni jipya. Kwa mila zetu mkwe hatazamwi sana usoni. Mimi nilimtazama mgongo mlima mzima, kwa kuwa alikuwa mbele yangu. Kule juu alisema jambo moja tu: "Baba, lori lako linapanda kwa miguu yetu." Tangu hapo mke wangu Fortunata hanisemeshi, ila kuniuliza kama nimeshiba.

Kwa kuwa tairi zimeongezeka kwa moja ya nane, na kwa kuwa difu ni mali yangu binafsi ilhali mlima ni mali ya umma, naomba mlima upunguzwe kwa moja ya nane. Kifusi nitakibeba mwenyewe, mradi kiende upande wa mteremko.

Wasalimie wote ofisini, hasa dereva wa greda, maana kazi hii itamhusu.

Wako mwenye subira ya gia namba moja,
Zabron Simbeye

N.B. Barua hii ilikaa siku nne bila kutumwa. Juzi mama mkwe aliomba nimfikishe Tunduma, lori likiwa tupu. Tulipofika kwa Aziz akashuka, akaketi kwenye benchi, akamwambia fundi afungue difu, yeye hana haraka. Mkwe habishiwi. Aziz kumbe alishaliweka tayari lile la 4.6 tangu mwezi uliopita. Jana nimepanda Chilulu na gunia sabini kwa namba tatu, Fortunata pembeni yangu akiongea njia nzima. Tafadhali mlima usiguswe. Ikiwezekana uongezwe kidogo, maana watu wa kule juu walitoka nje kunitazama na nilipita upesi mno.