Nimepona Bila Kuugua

Leo nimepatikana. Nimeaibika mbele ya kijiji kizima, na aliyenialika ni shangazi yangu wa damu.

Kwa msionijua, mimi ni kipa wa timu ya taifa ya wanawake ya mpira wa magongo. Ule mchezo wa vijiti vilivyopinda na kampira kagumu kama jiwe. (Ndiyo, upo. Ndiyo, Tanzania tunacheza. Hapana, baa yenu haijawahi kuuonyesha.) Nimedaka mpaka nchi za watu. Juzi nimerudi nyumbani Tabora, Chemchem, kupumzika.

Shangazi Yustina anaishi kijijini, upande wa Isikizya. Wiki iliyopita alinipigia simu: kijiji kinataka kunipokea kwa heshima, na mwenyekiti amekubali kunipa eneo la wazi nifundishe mabinti mchezo wangu. Niliruka kitandani! Eneo hilo nimeliomba mpaka sauti ikanikauka. Kisha akaniuliza kwa upole:

"Na miguu inaendeleaje, mwanangu?"

"Inauma, shangazi, lakini nimeshazoea."

Akavuta kamasi. Nikadhani mafua.

Leo asubuhi nikaamua kuingia kwa kishindo. Humo humo kwenye teksi nikavaa vifaa vyote vya kipa: kofia ngumu yenye vyuma usoni, kinga ya kifua, na kinga za miguu nene kama magodoro. Ukivaa hizo hutembei, unayumba kama bata aliyeshiba.

Nashuka, vigelegele! Kabla sijafika popote, vijana wakanidaka (kipa nimedakwa), wakanikalisha kwenye kiti, wakakinyanyua juujuu.

"Jamani, naweza kutembea!"

"Tunajua, dada. Usijikaze," akajibu mmoja wao.

Nikajisemea, kumbe hii ndiyo hadhi ya mchezaji wa taifa! Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo ya wageni kwenye njia hii hii mpaka pwani. Leo wajukuu wanabeba kipa. Nikaanza kupunga mkono. Kwa madaha kabisa. (Video ipo. Msiitafute.)

Kina mama wanalia. Nikajua ni furaha.

Wakanitua, na kiti, mbele ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti akashika kipaza sauti, akaonyesha kanjia ka zege kalikomwagwa mpaka mlangoni mwa choo cha hapo. "Tumemjengea mgeni wetu, asipate taabu." Shangazi naye akaja na jozi ya magongo mapya ya mninga. Siyo yangu ya kuchezea. Yale ya kuwekea kwapani.

"Mwanangu," akasema, machozi yanamtiririka, "redio ilitangaza unacheza mpira wa magongo. Umepata ajali, ndugu wakanificha! Lakini mimi shangazi yako sikuachi."

Mchungaji wao keshaweka mkono juu ya kofia yangu, anaomba. Nikasubiri amina. Amina ikagoma kuja. Alipofika kwenye "miguu hii ipate nguvu," nikaona nisiposema sasa nitazeekea kwenye kiti hiki. Nikavua magodoro. Nikasimama.

"Jamani, mimi ni mzi..."

"AMESIMAMAAA!"

Vigelegele, ngoma, mama mmoja akabingirika mavumbini. Mchungaji mwenyewe akarudi nyuma, akawa anautazama mkono wake. Shangazi akaanguka, wale vijana wa kiti wakamuwahi.

Ikabidi ninyakue kipaza sauti. "Sijapona! Yaani sikuumwa! Magongo ni vijiti vya kuchezea!"

Ngoma ikakatika.

Mwenyekiti akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Sasa ulipokuwa unapunga mkono kule juu, ulijua tunakubebea nini?"

(Nilikuwa na jibu. Ila lingeniaibisha zaidi.)

"Eneo tulimpa dada aliyepata ajali," akaendelea. "Itabidi tukae upya."

Hapo roho ikaniuma kweli. Nikawaona mabinti waliokuja na viatu vyao vya michezo wanaanza kuinamisha vichwa.

Nyuma kukazuka kicheko. Ni Mzee Kapela, ambaye kweli mguu mmoja hana, ameegemea fimbo ya mti, anacheka mpaka anatikisika.

"Mwenyekiti, njia hiyo ya choo nimeililia miaka yote mkasema saruji hakuna. Kumbe ilikuwa inamngoja mwenye miguu miwili! Mpeni mtoto uwanja wake. Mimi nipeni hayo magongo."

Kijiji kizima kikaangua kicheko. Mwenyekiti akafuta jasho, akakohoa, akatangaza kwamba eneo ni langu na mabinti waanze Jumamosi. Mzee Kapela akapokea magongo ya mninga kwa mikono miwili, akaenda kuizindua njia yake taratibu, tunampigia makofi kama anakwenda kupokea kombe.

Kwa hiyo uwanja nimepata. Ila nimelala hapa kwa shangazi, na nilipompa shikamoo ya jioni, marahaba aliupa ukuta. Nawaomba, mkicheka, chekeni kwa sauti ndogo. Yuko chumba cha pili, na bado hajanisamehe kwa kuwa mzima.